Barua Ambazo Sikutuma

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo tukiwa darasani. Imepiga bati mpaka mwalimu akakata tamaa, akaketi akitutazama kana kwamba sisi ndio tuliomwaga maji. Nilifurahi. Mvua ikipiga bati hakuna anayeulizwa swali.

Baada ya shule nikaenda dukani kwa Mama, duka la kuchapa na fotokopi: chumba kimoja, printa mbili, kompyuta moja. Mama anashughulika na mashine na watu. Mimi nashughulika na barua pepe, kwa sababu nasomeshwa kwa lugha mbili na wateja wanaandika kwa zote mbili. Mpangilio huu unanifaa. Kwa maandishi mimi ni mtu wa maneno. Ana kwa ana, darasa zima wananiita Bubu, na sijawapa sababu ya kuacha.

Leo kwenye sanduku la duka nimekuta barua arobaini na moja zilizorudi. Zote zinasema kitu kimoja: ujumbe wako haukufika, anwani haipo. Sikuwa nimetuma chochote. Nikazifuta.

Jumanne, 4 Machi

Zilizorudi: mia moja na tisa. Mvua.

Jumatano, 5 Machi

Zilizorudi: mia mbili na kitu, niliacha kuhesabu.

Leo Makamu amekuja dukani. Ni makamu wa mkuu wa shule yetu, mwanamke ambaye hata viatu vyake vinatembea kwa nidhamu. Mitihani ya mwisho wa muhula huchapwa kwa Mama, miaka sita sasa. Anakuja mwenyewe, flashi ameifunga kwenye leso, leso iko ndani ya mkoba, mkoba uko kwapani. Amekuja kuuliza tu kama wino upo, maana mitihani inaanza tarehe ishirini na nne.

"Na huyu?" akauliza, akinielekezea kidevu.

"Huyu siku hiyo atakuwa nje, Mwalimu, kama kila muhula," Mama akamjibu.

Ni kweli. Sijawahi kuona hata swali moja kabla ya wakati wake. Nasimama nje chini ya baraza mpaka kazi iishe.

Watu wanamwamini Mama kwa sababu ya kuosha. Kazi ya mteja ikiisha, anaifuta huku mwenyewe akiona. Saa kumi na mbili jioni, kabla ya kufunga, tunaosha mashine nzima: mafaili, barua zote za siku hiyo, hata kapu la takataka tunalimwaga. Watu wanamletea wosia, barua za talaka, majibu ya hospitali. "Mimi sina kumbukumbu," huwaambia, na wanacheka, na wanarudi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimebadilisha nenosiri la sanduku. Herufi kumi na sita. Mama ameniuliza kuna nini, nikasema hakuna kitu. Sijui kwa nini. Huwa nasema hakuna kitu hata nikiumwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nenosiri halijasaidia. Zimerudi mia tatu. Na leo kuna moja iliyoandikwa na mtu hasa: "Acheni kumtumia mtoto wangu uchafu huu. Nitawashtaki."

Nikamjibu haraka, kwa adabu zote, kwa jina la duka: "Tunaomba radhi sana kwa usumbufu. Hatutarudia tena." Hata sikujua naomba radhi ya nini. Nilitaka tu hasira yake iishe.

Halafu saa kumi na mbili ikafika, tukaosha.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Kipindi cha pili Kiranja wa darasa letu alikuja mezani kwangu. Ni msichana anayekaa mbele, nywele zake hazijui upepo, na tangu kidato cha kwanza hajawahi kuniambia zaidi ya "sogea". Akasema, "Bubu, ofisini kwa Makamu. Sasa hivi." Kuna mtu nyuma akapiga mluzi.

Ofisini Makamu aliweka karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa barua pepe iliyochapwa. Juu imeandikwa anwani ya duka letu, herufi kwa herufi. Chini kuna jina la duka na namba ya simu ya Mama. Katikati: "Maswali ya mtihani wa mwisho wa muhula yako tayari. Bonyeza hapa uyaone kabla ya wenzako."

Ya pili ilikuwa ile barua yangu ya kuomba radhi.

"Mzazi mmoja ameniletea," akasema. "Nieleze."



"Ni anwani ya kwenu?"

"Ndiyo."

"Hii ya kuomba radhi nani ameiandika?"

"Mimi."

"Umeomba radhi kwa jambo ambalo hukulifanya?"

Ukweli ni kwamba naomba radhi hata kwa kiti nikikigonga. Lakini mtu anasemaje hivyo mbele ya Makamu? Nikanyamaza, na kimya changu nikakiona kinakuwa jibu, pale pale, mbele ya macho yangu.

Akakunja zile karatasi. Mitihani sasa itachapwa kwingine. Kamati ya nidhamu itakaa Ijumaa tarehe ishirini na moja. Mpaka hapo nisionekane shuleni, na wakinikuta na hatia nisiwaze mtihani, niwaze shule nyingine.

"Na mama yako," akasema, mara hii kwa sauti ya chini, "nilikuwa namheshimu sana."

Hilo ndilo lililoniuma.

Jumanne, 11 Machi

Mama ameniuliza swali moja tu. "Ni wewe?"

"Siyo mimi."

Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, kisha akageuka kuweka karatasi kwenye printa. Karatasi zilikuwamo tayari.

Jumatano, 12 Machi

Mjomba amepiga simu. Ni mdogo wake Mama, fundi wa mitandao mji mwingine. Yeye ndiye aliyetufungulia jina la duka kwenye intaneti, na hakuna harusi wala msiba ambapo hajalisimulia. Mama akaweka simu kwenye spika, juu ya printa.

"Wameingia kwenye sanduku letu?" nikauliza.

"Hakuna aliyeingia, mjomba wangu. Ungebadilisha nenosiri mara mia, wasingejua hata kama umebadilisha. Sikiliza. Ukiandika barua ya karatasi, nyuma ya bahasha unaandika jina la nani?"

"La kwangu."

"Nani anakuzuia kuandika la mkuu wa polisi?"

"Hakuna."

"Basi ndiyo hivyo hivyo. Pale panapoandikwa 'kutoka kwa', mtu anaandika anachotaka. Lakini bahasha inapigwa mihuri kila inapopita. Kila barua pepe ina mihuri yake, imefichwa, watu hawaitazami. Inaonyesha imetoka mashine gani. Hao matapeli wamezoa anwani za maduka ya kuchapa na za wanafunzi, basi. Hawakujui wala hawana habari nawe. Zile zilizorudi ndani yake kuna nakala yenye mihuri. Nitumie moja tu, kazi imekwisha."

Mama na mimi tukatazamana.

"Hazipo," nikasema.

"Hazipo vipi?"

"Leo hazijarudi, na za nyuma tumeosha."

"Mmefanyaje?"

"Kila jioni tunafuta," Mama akasema. "Mpaka kapu."



"Dada," Mjomba akasema, "wewe ni mtu msafi sana."

Alhamisi, 13 Machi

Wateja wawili tangu asubuhi. Mmoja alisimama mlangoni, akauliza bei ya fotokopi, akasema atarudi. Bei hiyo anaijua miaka mingi.

Ijumaa, 14 Machi

Tangu Jumatano haijarudi hata moja. Juzi nilikuwa naziogopa, leo naziomba zije. Nimefungua sanduku mara thelathini.

Mjomba anasema wamehamia jina la mtu mwingine. Na amekiri jambo. Mwenye jina kwenye intaneti huwa anatangaza orodha ya mashine zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lake, na kuagiza kwamba barua yoyote itakayotoka kwingine ikataliwe. Yeye hakuiweka.

"Miaka yote hiyo?" Mama akauliza.

"Nilisema nitaiweka Jumamosi, dada."

"Jumamosi ipi?"

Ameiweka leo. Itazuia zijazo. Zilizokwisha kwenda zimekwenda.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Saa tano asubuhi imeingia barua moja. Nilidhani imerudi, kumbe ni jibu. Mtu ameijibu ile barua ya uongo, na jibu limekuja kwetu, kwa sababu anwani ni yetu.

"Nimeweka nenosiri langu mara mbili lakini maswali hayafunguki. Tafadhali tuma tena. Sitamwambia mtu."

Juu kuna jina lake lote. Ni Kiranja.

Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Nikiri hapa, kwa kuwa hapa hakuna kamati: kitu cha kwanza nilichohisi ni raha. Yeye, mwenye beji ya shaba kifuani. Yeye wa "sogea". Nilijiona nikimwekea Makamu karatasi hii mezani, taratibu, kama alivyoniwekea yeye.

Saa kumi na mbili Mama akasema, "Tuoshe."

Nikaosha kila kitu isipokuwa hiyo. Ni mara ya kwanza kumdanganya Mama kwenye kazi yake.

Jumanne, 18 Machi

Nimempigia Mjomba, Mama akiwa sokoni. Anasema jibu lenyewe halina mihuri ya matapeli, lina mihuri ya aliyejibu. Tena nikilionyesha, nitazidi kujikaanga: mwanafunzi ameomba maswali dukani kwetu, basi maswali tulikuwa nayo. Inayotakiwa ni ile iliyomfikia yeye, ndani ya sanduku lake.

"Mwombe," akasema, kama vile kuomba ni kitu cha kawaida.

Jumatano, 19 Machi

Nimesimama ng'ambo ya geti la shule tangu saa tisa na nusu, na mwavuli wa Mama wenye mbavu mbili zilizovunjika. Kiranja alipotoka nikamfuata mpaka kwenye kona ya fundi viatu.

"Unataka nini, Bubu? Hutakiwi kuonekana hapa."

"Ile barua ya mtihani bado unayo?"

Akasimama. "Barua gani?"

"Uliijibu. Jibu lako limekuja kwetu."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika hivyo. Akashika beji yake kwa vidole viwili, sidhani kama alijua.

"Umemwonyesha nani?"

"Hakuna."

"Unataka nikufanyie nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kumtisha. Maneno nilikuwa nayo, niliyaandika kabisa kwenye kiganja kwa kalamu. Badala yake nikasema, "Siwezi kuthibitisha kuwa siyo mimi bila hiyo uliyo nayo wewe. Kwangu zote zimefutwa."

"Wameniibia sanduku langu, unajua?" akasema, na sauti yake ikapasuka. "Niliwapa nenosiri kwa mkono wangu mwenyewe. Wakawaandikia shangazi zangu wote wakiomba pesa. Nimehangaika siku mbili kulirudisha. Nyumbani hawajui kwa nini." Kisha, "Nikikupa, beji imekwenda."

"Najua."

Akaondoka kwenye mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Saa nane nimepata barua kutoka kwa Kiranja: ameisukuma ile ya uongo kuja kwetu. Nikapiga kelele. Mjomba akaizima furaha yangu kwa maneno machache: barua ikisukumwa kwa mtu mwingine mihuri ya zamani inavuliwa, inavaa mihuri ya aliyeisukuma. Lazima ifunguliwe pale pale ilipo. Nikamwandikia Kiranja hivyo.

Saa kumi na moja Kiranja akaja mwenyewe, amelowa, viatu mkononi. Mama akampa taulo bila kuuliza jina.

Tukalifungua sanduku lake kwenye kompyuta ya duka. Mjomba alituelekeza: pembeni ya barua kuna vidoti vitatu, ukibonyeza unapata sehemu ya kuonyesha barua katika asili yake. Ukurasa ukajaa herufi kama ukuta wa wadudu. Tukasoma mstari kwa mstari, vichwa vyetu vimekaribiana. Na pale katikati: imepokelewa kutoka mashine fulani, namba ndefu, jina ambalo halihusiani nasi hata kwa ndoto. Chini yake neno moja: haikuthibitishwa.

"Ndiyo hiyo?" Kiranja akauliza.

"Ndiyo hiyo."

Tukaichapa. Lakini mstari wa tatu una anwani yake, aliyepelekewa. Akachukua mkasi wa Mama akaukata mstari huo, ukabaki uzi wa karatasi, akautia mfukoni.

"Hapo tumeelewana?" akasema.

Nikasema tumeelewana.

Ijumaa, 21 Machi

Kamati: Makamu, walimu wawili, na kiti kimoja cha kwangu kilichowekwa mbali kidogo na meza. Mama amebaki dukani. Walisema watamwita akihitajika tu.

Nikatoa karatasi. Nikaanza kueleza bahasha na mihuri. Nilianza kwa lugha ya darasani, ile ya pili, kwa sababu ndani yake huwa najificha vizuri, lakini nikajikwaa, nikahamia kwenye hii ya nyumbani na maneno yakaja.

Makamu akaiinua karatasi, akaitazama dirishani. Kidirisha cha mkasi kikaonyesha mawingu.

"Imekatwa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kuna nini hapa?"

"Jina la mtu."

"Wewe ni mtoto wa mwenye duka la kuchapa. Unaniletea karatasi yenye tundu, unataka niiamini. Nitajuaje hukuitunga asubuhi hii?"

Mwalimu mmoja akacheka puani. Nikatazama meza. Zile karatasi zake mbili zilikuwa pale, zimenyooshwa vizuri. Na nikasikia sauti, ikawa yangu.

"Mwalimu, hiyo ya kwako pia ni karatasi."



"Umesemaje?"

"Ya kwangu umeikataa kwa kuwa yeyote anaweza kuitunga. Ni kweli kabisa. Basi na hiyo yeyote anaweza kuitunga. Karatasi zote mbili hazitoshi. Inatakiwa barua yenyewe, ndani ya sanduku la aliyeipokea, ifunguliwe hapa, mbele yako."

"Na huyo aliyeipokea ni nani?"

Hapo ndipo nilipofika mwisho wa ujasiri wangu. Jina lilikuwa kwenye ulimi. Ningemaliza mambo yote kwa jina moja. Nikasema, "Nimeahidi nisimtaje."

"Basi tumemaliza," Makamu akasema, akaanza kukusanya karatasi.

Mlango uligongwa. Kiranja ndiye anayeleta mahudhurio ofisini kila siku saa nne, na nilidhani ameleta mahudhurio. Aliyaweka mezani. Hakutoka.

"Ni mimi," akasema. "Jina lililokatwa ni langu. Nilikuwa nataka maswali." Alisema akitazama ukuta. Kisha akavuta kiti cha kompyuta ya Makamu, akaketi bila kuruhusiwa, na kuandika nenosiri lake.

Makamu alivaa miwani. Alisoma ule ukuta wa wadudu kwa kidole, polepole, kama mtu anayesahihisha insha.

"Namba hii ndiyo ya mashine yao. Ya kwenu ikoje?"

Sikuwa nimelifikiria hilo! Nikaomba nimpigie Mama. Nikamwambia, "Mama, tuma barua pepe kwa anwani hii ya Kiranja, sasa hivi, kutoka sanduku la duka."

"Mimi?" akasema Mama, ambaye hajawahi kutuma hata moja.

"Wewe."

Tukasubiri. Mvua ilikuwa imeanza tena na mtandao ukawa unazunguka, unazunguka. Dakika nne. Mwalimu wa puani akatazama saa yake. Dakika saba. Nikawaza Mama peke yake mbele ya kibodi, kidole kimoja hewani, anatafuta herufi. Dakika ya kumi na moja ikaingia:

MIMI NI MAMA YAKE. HII NDIYO YA KWELI

Makamu akaifungua katika asili yake, akaiweka kando ya ile nyingine. Mashine ya ile: namba ngeni. Mashine ya hii: jina la duka letu, na chini yake neno: imethibitishwa. Akatazama kushoto, kulia, kushoto. Akavua miwani.

"Ile ya radhi," akaniambia, "usiandike tena barua ya namna ile maishani mwako."

"Ndiyo, Mwalimu. Samahani."

Kiranja akacheka, halafu akaziba mdomo, na Makamu akamnyooshea mkono wazi juu ya meza. Haikuhitaji maelezo. Akaifungua pini ya beji mwenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemwambia Mama kuhusu barua niliyoificha Jumatatu. Nilitegemea hasira. Akafikiri, akasema, "Kuanzia sasa za wateja tunaosha. Zinazotutukana tunaweka." Kisha akanifundisha kumpigia simu mteja mmoja mmoja kwenye daftari lake. "Kwa simu," akasema. "Siyo kwa kuandika." Tuliwaambia hivi: kuna watu wametumia jina letu, ukipata barua yenye jina letu usiyoitegemea usibonyeze kitu, tupigie kwanza. Nimepiga simu ishirini na tatu, ya mwisho kwa Makamu. Za mwanzo tano nilisimama nikiwa nimefumba macho.

Jumatatu, 24 Machi

Mtihani. Uliochapwa kwingine, wino umefifia, swali la saba halisomeki.

Kiranja, ambaye siyo kiranja tena, ameadhibiwa kufagia ukumbi muhula wote ujao. Aliponipita mlangoni akasema, "Sogea." Nikasema, "Sogea wewe." Akasogea.

Ijumaa, 4 Aprili

Muhula umefungwa. Mvua imepungua, inanyesha kwa kukumbushwa.

Asubuhi nimeiandikia shule bei zetu za muhula ujao, kama tunavyofanya kila muhula. Mama alisema nisitume, wametuacha, basi. Nikatuma.

Saa sita simu ya duka ikalia. Mama mikono ilikuwa na wino, akanionyesha kwa kidevu nipokee.

"Nimepata barua ya bei yenye jina la duka lenu," ikasema sauti ya Makamu, bila salamu. "Sijaifungua. Mliniambia nipige kwanza. Nani ameiandika?"

"Mimi, Mwalimu."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Nikasikia kidole chake kikibonyeza.